Barua ya Wazi kwa Mkuu wa Chuo: Tupeni Siku Saba za Kutundika Maonyesho

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Kwa heshima na taadhima, tunakuandikia sisi tunaoandaa maonyesho katika ukumbi wa sanaa wa chuo. Barua tatu tumekwisha kuzileta ofisini kwako, zikapokelewa na kugongwa muhuri, lakini majibu hatujapata. Sasa picha ya mwanafunzi wa mwaka wa mwisho imeanguka asubuhi ya ufunguzi, kioo kikaichana karatasi kutoka kona hadi katikati, nasi tukaambiwa ni uzembe wa watundikaji. Hilo hatuwezi kulinyamazia.

Kilichoiangusha kinaelezeka. Fremu ile ina kilo 6. Waya wa nyuma ulikazwa mpaka ukakaribia kunyooka, kisha ukaning'inizwa kwenye msumari mmoja. Waya ukiinama digrii 10 tu kila upande, mvuto wake unakaribia mara tatu ya uzito wa picha, kwa hiyo pete za fremu zinavutwa kwa nguvu ya kama kilo 17. Skrubu fupi kwenye ubao laini hazistahimili. Zinaanza kuchomoka taratibu, na hakuna anayeziona kwa kuwa ziko nyuma. Dawa yake ni kuulegeza waya kidogo, kuweka ndoana mbili zilizoachana, na kwenye ukuta wa jipsamu kutumia skrubu yenye fisha yake, yaani kile kipande cha plastiki kinachoishika ndani ya ukuta, badala ya msumari mtupu.

Kuna na kupima. Kitovu cha picha huwekwa kama sentimita 150 kutoka sakafuni. Picha yenye kimo cha sentimita 80 unaigawa mara mbili, unapata 40, unajumlisha na 150, kisha unatoa umbali wa kutoka ukingo wa juu wa fremu hadi pale waya unapofika ukivutwa. Ukiwa sentimita 8, ndoana inakaa 182. Kisha pimamaji, kisha vipande vya kizibo kwenye kona za chini ili hewa ipite nyuma na unyevu wa ukuta usiingie kwenye karatasi. Kwa picha moja, kazi hiyo ikifanywa vizuri huchukua dakika 20. Picha zilikuwa 42, ambazo ni saa 14. Tulikabidhiwa funguo saa mbili usiku, baada ya kikao kumalizika na viti kuondolewa, na ufunguzi ulikuwa saa nne asubuhi. Saa 14 kamili, Mheshimiwa, bila lebo, bila taa, bila mtu kulala.

Ukuta nao unadai muda wake. Matundu ya maonyesho yaliyopita yanazibwa, yanapigwa msasa na kupakwa rangi, na rangi hiyo inahitaji siku mbili tatu za kukauka, madirisha yakiwa wazi. Ukitundika kabla ya hapo, fremu zinanata ukutani na unyevu unanaswa nyuma yake. Kisha kila kazi inakaguliwa na kasoro zake kuandikwa, zinapangwa zikiegemea chini ya ukuta, tunazitazama, tunazihamisha. Hatua hii ndiyo inayofanya maonyesho yawe maonyesho, na ndiyo inayokatwa kila mara.

Halafu lile dirisha la magharibi. Mwanzoni mwa mwaka wa masomo uliahidi mapazia mazito, mbele ya wanafunzi, wakapiga makofi. Hadi leo dirisha liko wazi. Picha za rangi za maji hazifai kupigwa na mwanga unaozidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha ukali wa mwanga), za mafuta kama 200. Picha ikikaa kwenye luksi 50 kwa saa nane kila siku, mwezi mzima wa siku 30, inapokea luksi-saa 12,000. Jua la alasiri likipenya kioo na kuipiga moja kwa moja, kiasi hicho kinapatikana kwa saa moja au chini yake. Nyekundu na zambarau nyingi ndizo hutangulia kupauka, na rangi iliyopauka hairudi. Hakuna fundi wa kuirudisha. Mwanafunzi anachukua kazi yake ikiwa imezeeka kabla hata hajahitimu.

Hatuombi jengo jipya. Hatuombi hata posho za usiku tuliokesha. Mapazia tunayakumbusha kwa sababu yaliahidiwa, lakini ombi letu ni moja: siku saba. Ukumbi usipangiwe vikao, mitihani wala kuhifadhia viti siku saba kabla ya kila ufunguzi. Siku saba, funguo zikiwa mikononi mwetu.

Maonyesho ya wahitimu yanakuja. Tunaomba tarehe ya kukabidhiwa ukumbi, kwa maandishi, yenye sahihi yako.

Wako watiifu,
Wakufunzi na mafundi wa ukumbi wa sanaa