Harambee ya vifaa vya kupima udongo: KSh 106,000 kabla ya masika

Wazazi, wahitimu na marafiki wa shule,

Hapa Limuru udongo ni ule ule mwekundu, msituni hadi shambani. Wanaoishi ndani yake ndio tofauti. Chini ya miti ya asili jembe halipiti, kwa hivyo kuvu hutandaza nyuzi zake bila kukatwa. Kwenye mahindi na maharagwe nyuzi hizo hukatwa kila msimu, na bakteria hupata nafasi kubwa zaidi. Kwenye majani chai, zao lililopandwa huku tangu 1903, mbolea za amonia huongeza asidi, na asidi ndiyo huamua zaidi ni bakteria gani wataishi mahali. Napia, majani ya kulisha ng'ombe, hailimwi kila msimu. Tunatarajia iwe katikati, lakini hilo ni la kupimwa.

Mkulima huliona jambo hili kwenye mzizi. Ng'oa shina la maharagwe likiwa na maua, upasue kinundu (uvimbe mdogo ulio mzizini) kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanageuza naitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Kikiwa cheupe au kijani, hakuna kazi inayofanyika. Udongo ukishuka chini ya pH 5 (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi), vinundu huwa vichache au havipo, na wengi wetu hukimbilia kuongeza mbolea ya DAP, ambayo nayo huleta asidi, wakati kinachohitajika ni chokaa.

Wanafunzi wa Kidato cha Tatu watapima aina hizo nne za ardhi, mashamba matatu kwa kila aina. Kila shamba litachotwa sehemu 15 kwa mwendo wa zigizaga, kina cha sentimita 15, kisha udongo uchanganywe na kuchekechwa kwa ungo wa milimita 2. Gramu 50 zitawekwa ndani ya chupa ya lita moja pamoja na kikombe cha mililita 20 za sodiamu haidroksaidi ya 0.5 M (M ni kipimo cha ukali wa myeyusho), chupa ifungwe siku 7. Vijidudu vikipumua, kaboni dioksidi hunaswa kikombeni. Mwalimu ataongeza bariamu kloraidi (ni sumu, wanafunzi hawaigusi), kisha wapime kwa asidi ya haidrokloriki ya 0.5 M. Kila mililita ya asidi inayopungua ikilinganishwa na chupa isiyo na udongo ni miligramu 11 za kaboni dioksidi.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni unyevu. Udongo uliokauka ukimwagiwa maji hupumua kwa kishindo siku za kwanza. Mwanasayansi H. F. Birch aliyachunguza hayo Muguga, jirani zetu kabisa, na kuyachapisha mwaka 1958. Ukilinganisha udongo mkavu wa shambani na ule mbichi wa msituni bila kuusawazisha, utadhani shamba lina uhai zaidi. Kwa hivyo sampuli zote zitatiwa unyevu sawa na kuachwa wiki nzima kabla ya chupa kufungwa.

Bureti tunazo. Tunachokosa ni darubini (KSh 60,000), kipima pH na bafa zake, yaani vimiminika vya kukisahihishia (12,000), mizani ya kusoma gramu 0.01 (9,500), chupa 15 (6,000), na kemikali pamoja na ungo (18,500). Darubini ndiyo ghali, na hatuombi radhi kwa hilo: bila hiyo hatuwezi kuziona kuvu ndani ya mizizi. Rangi ya kuzionyesha ni rahisi, wino wa kalamu uliochanganywa na siki.

Michango ipokewe na mhasibu wa shule kabla ya mwisho wa Februari, na kila mmoja apewe risiti. Wenye mashamba yatakayopimwa watapata majibu yao kwa maandishi, pH ikiwemo.

Asiye na pesa alete chupa ya kioo yenye kifuniko cha mpira. Ijaze maji kwanza na uipindue juu chini kwa dakika tano. Inayovuja hata tone moja haitatufaa, kwa sababu hewa ya nje itaingia na kuharibu hesabu.