Barua ya wazi kwa Waziri wa TAMISEMI: Somo la barabara lianzie getini

Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Waziri Mkuu – TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa),
Dodoma.

YAH: KUWAFUNDISHA WATOTO WA SHULE ZA MSINGI KUSAFIRI SALAMA

Mheshimiwa, nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Mbagala, wilaya ya Temeke. Kwa utaratibu barua hii ilipaswa kupitia kwa mwalimu mkuu, kisha afisa elimu kata, kisha kwa mkurugenzi, na mpaka ifike mezani kwako ingekuwa na mihuri mingi kuliko maneno. Nimeona niiandike hadharani.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisimwandikie Waziri wa Elimu. Mitaala kweli inatungwa kwake, kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Lakini shule zenyewe, pamoja na walimu na madawati yake, ziko mikononi mwa halmashauri, na halmashauri ziko chini yako. Barabara ya mtaa inayopita mbele ya geti letu inahudumiwa na TARURA, ambayo tangu ianzishwe mwaka 2017 nayo iko chini ya ofisi yako. Yaani mtoto ni wako, na njia anayopita ni yako. Sijui kama kuna waziri mwingine anayeweza kulimaliza jambo hili kwa kuita watu wake mwenyewe kwenye chumba kimoja.

Usalama barabarani watoto wetu wanafundishwa, tusiseme hawafundishwi. Ingia Darasa la Tatu popote, uliza mtu anavukaje barabara, utajibiwa kwa sauti moja kama wimbo: tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kama hakuna gari vuka. Kwenye mtihani jibu hilo linapata vema. Shida ni kwamba mwenye bodaboda hakuletewa mtihani huo. Yeye anatokea kushoto akiwa upande usio wake, anaipita daladala iliyosimama kushusha abiria, na akikosa nafasi anapanda njia ya waenda kwa miguu. Na Barabara ya Kilwa ya leo si ile ya zamani: kuna magari ya kawaida pande zote mbili, na katikati kuna njia za mabasi ya mwendokasi za kwenda na kurudi. Huyo mtoto anavuka barabara kadhaa ndani ya barabara moja, akiwa na wimbo wa barabara moja.

Tena kuna la umri. Mtoto wa Darasa la Kwanza hana uwezo wa kukadiria kama gari lile linakuja mbio au polepole. Kimo chake hakimwezeshi kuona juu ya Noah iliyoegeshwa, na dereva aliye nyuma ya Noah hiyo hamwoni yeye. Shirika la Afya Duniani limesema mara nyingi kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Ukimpa mtoto huyu wimbo peke yake, umemkabidhi kazi ya dereva, ya mhandisi na ya trafiki, halafu akigongwa tunasema hakuwa makini.

Ninachoomba ni somo hili litolewe ubaoni, lipelekwe getini. Nikueleze tulivyojaribu sisi.

Kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, mwalimu wa Hisabati aliwapa Darasa la Sita swali la kawaida kabisa. Kikomo cha mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa. Gari linakwenda mita ngapi kwa sekunde moja? Wakagawa 50,000 kwa 3,600, wakapata karibu 14. Tukatoka uwanjani na kamba ya katani, tukapima mita 14 kutoka kwenye mstari wa goli, tukachora mstari wa pili kwa majivu. Tukawaambia: hapa katikati ndipo gari linapopita wakati dereva anashtuka tu, kabla mguu haujagusa breki. Wakarudia hesabu kwa kilomita 30, wakapata mita 8 na kidogo. Mstari wa tatu ukachorwa, karibu zaidi na goli.

Kisha tukamchukua kijana mwenye mbio kuliko wote, tukamwambia atoke mbio na filimbi ikilia asimame hapo hapo. Alipita mstari hatua kadhaa, akajikwaa, uwanja mzima ukaangua kicheko. Akarudia mara mbili na hakuweza. Ndipo binti mmoja wa dawati la nyuma, ambaye darasani haongei, akauliza, "Kwa hiyo mwalimu, dereva anaweza kuniona vizuri kabisa na bado akanigonga?" Mheshimiwa, nimefundisha maisha yangu yote na sikuwahi kulipata swali hilo kwa kutumia mabango ya Wiki ya Nenda kwa Usalama. Tulipowauliza mwendo gani uruhusiwe mbele ya geti lao, hakuna aliyetaja 50.

Wiki iliyofuata tukawapa manila na makapeni, wachore njia wanayopita kutoka nyumbani, waweke alama nyekundu mahali wanapoogopa. Nilitegemea wote wataweka nyekundu kwenye Barabara ya Kilwa. Waliweka, lakini nyekundu nyingi zilikuwa mitaani kwetu. Mtaro usio na mfuniko, ambao mvua ikinyesha haujulikani unapoanzia. Kona ambayo kibanda cha chipsi kimeziba, huoni kinachokuja. Kijiwe cha bodaboda hatua chache kutoka getini, ambapo pikipiki zinageuza huku watoto wanatoka. Tuta lililokwisha kwa kukanyagwa. Mchoro mmoja ulikuwa na alama nyekundu kwenye nyumba ya mtu. Tulipouliza tukaambiwa hapo kuna mbwa. Nayo ni hatari ya njiani, tukaiacha.

Ramani hizo tulizipeleka panapohusika. Ofisi moja ikatuambia barabara si yake. Nyingine ikasema ni yake ila barua ipitie kwanza ile ya kwanza. Watoto waliochora wako darasa la mbele sasa, na tuta bado halijafufuliwa. Sitaji ofisi, maana nia yangu si kumchongea mtu. Natamani tu ujue kwamba somo zuri likikosa wa kulipokea linamfundisha mtoto jambo jingine baya: kwamba kusema hakusaidii.

Na kazi hii inawezekana kwa fedha kidogo. Shirika la Amend limefanya hivyo hapa hapa Dar es Salaam: linakagua njia za watoto kuzunguka shule, linaweka matuta, vivuko na njia za miguu, wakati mwingine linahamishia geti upande usio na magari mengi, na papo hapo linawafundisha wanafunzi. Mwaka 2019 mpango wao ulishinda tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross Center. Geti kuhamishwa, Mheshimiwa! Hilo kamati ya shule na fundi mmoja wanalimaliza likizo ya Juni.

Sasa niseme la kwetu wenyewe, walimu. Unajua "kuwahi namba". Mtoto anatakiwa afike mapema, apewe namba, afagie eneo lake kabla ya paredi, na aliyechelewa anasubiriwa na fimbo. Anayekaa mbali anatoka kwao bado giza. Akiona muda umekwenda, anavuka mbio. Umemfundisha Jumatatu asivuke mbio, na Jumanne umemchapa kwa kuwa hakuvuka mbio. Waraka mmoja kutoka kwako, kwamba mwanafunzi aliyecheleweshwa na usafiri asiadhibiwe na kwamba usafi ufanyike baada ya watoto wote kufika, utapunguza mbio hizo kuliko semina kumi.

Halafu kuna daladala. Kwa nauli za LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, zilizoanza kutumika Desemba 2023, mtu mzima kwa safari fupi ya mjini analipa shilingi 600, mwanafunzi 200. Konda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni. Kila kiti anachokalia mwanafunzi, yeye anahesabu 400 zilizopotea, ndiyo maana anasimama mlangoni akisema "denti wawili tu" huku kituoni wako wengi. Tumezoea kumtukana konda. Lakini mpango ulioacha punguzo la serikali libebwe na kijana wa mlangoni ulikuwa lazima uzae hivyo. Hili haliko chini yako peke yako, nalijua. Nalitaja kwa sababu mtoto aliyeachwa kituoni ndiye anayeishia kwenye mshikaki, watatu na begi zao juu ya pikipiki moja, bila helmeti hata ya dereva.

Kwa watoto wa kike kuna zaidi ya kuanguka. Lifti ya bodaboda asubuhi haina nauli, na ya jioni haina nauli, mpaka siku dereva anapodai. Kila mwalimu wa malezi analijua jambo hili na mara nyingi tunalizungumza baada ya kuwa limeshatokea. Somo la kusafiri salama lisiloligusa hilo ni somo nusu. Lisemwe wazi, kwa lugha ya watoto, na wavulana wakiwemo, kwa kuwa baadhi yao ndio wataendesha hizo pikipiki miaka michache ijayo. Na mtoto anayekataa lifti lazima awe na njia nyingine ya kufika nyumbani. Kwetu wazazi kadhaa wameanza kupanga watoto wa mtaa mmoja watembee kwa kundi, na mama mmoja au babu mmoja akiwasindikiza kwa zamu. Haikuhitaji bajeti.

Jambo jingine nadhani ndilo gumu zaidi, maana liko vichwani mwetu. Wengi wa wanafunzi wetu wanakuja kwa miguu, na sisi tunawaonea huruma. Soma insha zao za "Nikiwa mkubwa": karibu wote wananunua gari. Tumewafundisha bila kutamka kwamba kutembea ni adhabu ya kukosa, na baiskeli ni ya muuza mayai. Nenda Shinyanga uone baiskeli zinavyobeba mji, mtu akienda kazini na mtoto shuleni, na hakuna anayemcheka mwenzake. Dar hii hii ilipewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya 2018, jiji la kwanza Afrika kuipata, kwa ajili ya mwendokasi iliyoanza Mei 2016; na njia ile ya Morogoro Road ilijengwa pamoja na sehemu za waenda kwa miguu na baiskeli. Watoto wa jiji lililoshinda hawajui kwamba lilishinda nini.

Tuliwapa Darasa la Sita zoezi la pili: wasimame ndani ya uzio asubuhi, wahesabu magari na watu waliomo. Wao wenyewe wakagundua kwamba gari dogo mara nyingi lina mtu mmoja, na kwamba foleni inayoziba lango letu inaletwa na wachache wanaoshusha mtoto mmoja mmoja, huku mamia wanaokuja kwa miguu wakibanwa kwenye ukingo wa mtaro. Basi refu la mwendokasi lina urefu wa mita 18; walipopanga Noah nne kichwa kwa mkia kwenye daftari, wakaona zinazidi hapo, na watu waliomo hawafiki robo ya wanaobebwa na basi lile. Mwalimu hakuhubiri moshi wala mabadiliko ya tabianchi. Hesabu ilitosha, ya moshi yakaja yenyewe kwa maswali.

Hatuhitaji somo jipya wala kitabu kipya. Mtaala ulioanza Januari 2024 una Hisabati, una Sayansi, una Jiografia na Mazingira, na mazoezi haya yanakaa ndani yake bila kuongeza kipindi. Kinachokosekana ni agizo lenye pande mbili. Kwa shule: kila mwaka Darasa la Tano au la Sita lichore ramani ya njia zake na kupima mwendo mbele ya geti. Kwa TARURA: meneja wa wilaya aipokee ramani hiyo kwa saini, na ndani ya muhula mmoja aijibu kwa maandishi, nini kitafanyika, nini hakitafanyika na kwa nini. Hata jibu la "hatuna fedha mwaka huu" lisomwe mstarini, watoto wasikie kwamba waliandika na wakajibiwa. Kwa shule zilizo kando ya barabara kuu, ofisi yako iwapelekee TANROADS orodha, maana barua ya mwalimu mkuu huko haifiki mbali.

Ukipenda kuanza na shule za kujaribia, sisi tuko tayari. Ramani tunazo, zimekunjwa kwenye kabati la ofisi ya mwalimu wa taaluma. Kamba ipo. Filimbi tutaazima kwa mwalimu wa michezo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu, mjumbe wa kamati ya shule,
Mbagala, Temeke.

Nakala: Mkurugenzi wa Manispaa, Meneja wa TARURA wa Wilaya, Diwani wa Kata, Mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda cha hapo getini (yeye nimempelekea kwa mkono, na amekubali kusogea).