Seli mundu haitibiwi kwa juisi ya rosela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako nirekebishe makala ya ukurasa wa afya iliyotoka wiki mbili zilizopita, ambayo iliutia ugonjwa wa seli mundu katika kapu moja na upungufu wa damu unaotokana na kukosa madini ya chuma, kisha ikawashauri wazazi wawape watoto juisi ya rosela, bitiruti na vidonge vya kuongeza damu. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, na kosa hilo hunijia mara kwa mara likiwa mkononi mwa mama, ndani ya chupa ya plastiki.

Tatizo la seli mundu limo katika himoglobini yenyewe, yaani ile protini inayoipa damu wekundu wake na kuchukua oksijeni mapafuni kuipeleka mwilini. Imeundwa kwa minyororo minne iliyojikunja na kushikamana, miwili ya alfa yenye asidi amino (vijenzi vidogo vya protini) 141 kila mmoja na miwili ya beta yenye 146, na kila mnyororo umekumbatia atomu moja ya chuma ambayo ndiyo inayoishika oksijeni. Kwa mgonjwa wa seli mundu chuma hicho kipo mahali pake. Kilichobadilika ni asidi amino ya sita ya mnyororo wa beta: palipopaswa kuwa na asidi glutamiki, ambayo hupatana na maji, pamekaa valini, ambayo huyakimbia. Mwanasayansi Vernon Ingram alilithibitisha jambo hilo huko Cambridge, Uingereza, mwaka 1957, na mimi hadi leo hunishangaza kwamba badiliko dogo namna hiyo humlaza mtoto wodini.

Himoglobini ikiwa imeshika oksijeni, valini hiyo haileti madhara makubwa. Ikishaiachia, protini nzima hubadili umbo, na kwenye molekuli ya jirani hujitokeza kishimo ambamo valini huingia na kunasa; molekuli moja huvuta nyingine mpaka zikawa nyuzi ndefu, ngumu, zinazoikunja chembe nyekundu ya damu ikafanana na mundu. Maabara tunaliona hili kwa macho yetu. Tone la damu huwekwa juu ya kioo pamoja na sodiamu metabisulfiti, kemikali inayoondoa oksijeni, hufunikwa na kuachwa kwa muda. Kisha chini ya hadubini chembe zilizokuwa za mviringo huonekana zimechongoka ncha mbili, ilhali hakuna kilichopungua katika tone lile isipokuwa oksijeni.

Kwa hiyo ushauri wa kliniki ambao wazazi wengi huuona mdogo mno, kwamba mtoto anywe maji mengi, akingwe na baridi na awahishwe hospitali akipata homa, unagusa kiini cha ugonjwa: chembe ikikauka, himoglobini hubanana ndani yake na nyuzi hujisuka upesi zaidi. Vilevile mtoto huzaliwa akionekana mzima kwa sababu himoglobini ya mtoto mchanga ina minyororo ya gama badala ya beta, nayo haisokotwi katika nyuzi hizo. Beta inapochukua nafasi, katika miezi sita hivi ya mwanzo, ndipo vidole huanza kuvimba na majirani huanza kutaja uchawi. Dawa ya hidroksiyurea husaidia hasa kwa kuiongeza tena himoglobini ile ya uchangani.

Ni kweli kwamba mgonjwa hupungukiwa damu, kwa kuwa chembe zake huishi siku 10 hadi 20 wakati za kawaida hufika 120. Lakini chuma cha chembe zilizovunjika kwa sehemu kubwa hubaki mwilini, na mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kuwa nacho cha kuzidi, kikamrundikia kwenye ini. Vidonge vya chuma apewe pale tu vipimo vinapoonyesha kuwa anakihitaji. Asidi ya foliki anayoandikiwa kliniki, ambayo ni vitamini na si chuma, ni kitu kingine, wala asiiache.

Na juisi sina ugomvi nayo. Mama mmoja aliyenionyesha chupa yake nilimwambia aendelee kumpa mwanawe, kwa ajili ya maji yaliyomo. Ninachoomba ni kwamba ahadi ya makala kuwa juisi hiyo huondoa ugonjwa isahihishwe katika ukurasa uleule wa afya, kwa herufi za ukubwa uleule.

Fundi sanifu wa maabara,
Morogoro