Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Chokaa, Majivu na Mizizi ya Miche Yetu

Ndugu wanachama, wazee wetu, kina mama na vijana wa vitaluni, salaam aleikum, na hamjambo nyote.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Ada bado zinatolewa kwa kuvutana mashati, na wahusika wanajijua. Kuhusu sehemu zetu za kuuzia kando ya barabara, mazungumzo na kaunti yanaendelea. Muda uliobaki nautaka kwa jambo lililotutia hasara na aibu mwaka mzima: mche unatoka kitaluni ukiwa kijani kibichi, ukifika kwa mteja unageuka manjano au unanyauka, halafu mteja anarudi na maneno yake.

Dawa ambayo wengi wetu tumezoea kuitoa ni majivu, na akizidi kulalamika, chokaa. Ushauri huo tumeupokea kutoka bara, na huko una maana. Magharibi mwa Kenya udongo wa sehemu nyingi una tindikali. pH ndiyo kipimo cha tindikali: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni upande wa chokaa. Ikishuka chini ya 5.5 hivi, alumini iliyomo udongoni huanza kuyeyuka ikaharibu ncha za mizizi, na chokaa, kama majivu, huizuia kwa kupandisha pH. Sisi hapa Mombasa tumekaa juu ya matumbawe. Udongo wa juu ya mwamba huo, kuanzia kisiwani hadi Bamburi na Likoni, mara nyingi una pH ya 7.5 na kupanda, na maji ya visima vyetu yamebeba chokaa hiyohiyo. Kumwaga majivu hapo ni kumpa chumvi mtu aliyekwisha kunywa maji ya bahari. Anayeleta udongo wa mchanga kutoka Shimba Hills ana kesi nyingine, kwa sababu ule una tindikali yake. Lakini naye apime kwanza.

Waliohudhuria mafunzo ya Mikindani wanakumbuka zile mbegu za figili tulizozilaza juu ya karatasi yenye maji na kuzifunika. Zilipoota, kila mzizi ulikuwa umezungukwa na weupe laini, na kuna waliosema ni kuvu, zitupwe. Vile ni vinyweleo vya mizizi. Kila kimoja ni seli moja tu ya ngozi ya mzizi iliyojirefusha, na vingi havifiki hata milimita 2. Tulipoacha karatasi wazi penye upepo, vililala papo hapo. Mwaka 1937 mtaalamu wa Marekani, Howard Dittmer, alikadiria kwamba mche mmoja wa nafaka ya rai una vinyweleo bilioni 14 hivi. Mche hunywa maji na kufuata kirutubisho cha fosforasi kwa kutumia hivyo, na hivyo hivyo ndivyo tunavyovikata kila tukivuta kiriba, yaani mfuko wa mche, kwa nguvu.

Sasa, kinyweleo hakitoki ovyo. Mmea una homoni iitwayo auksini. Fosforasi ikipungua udongoni, auksini hupelekwa kwa wingi kwenye ngozi ya mzizi, na vinyweleo hurefuka kuitafuta. Ethilini nayo husaidia, na hiyo mnaijua bila kuijua: ndiyo gesi inayoivisha ndizi mnazovumbika. Pahali kinyweleo kinapochomoza, ukuta wa seli hugeuka kuwa na tindikali kidogo, ukalainika na kutanuka. Wanasayansi wamekiangalia kikikua kwenye hadubini: ukipandisha pH ya nje, ncha husimama, ukiishusha mno ghafla, ncha hupasuka. Wajapani waliotesha saladi kwenye maji ya virutubisho wakaona ajabu zaidi: kwenye pH 6 mizizi ilibaki na upara, wakishusha hadi 4 vinyweleo vinatoka. Wakitia auksini, vilitoka hata kwenye pH 6. Kwa hiyo tindikali na homoni hufanya kazi pamoja, na huwezi kuzungumzia moja ukaiacha nyingine.

Hayo yalikuwa maji ya maabara, na saladi ina tabia zake. Nisisikie kesho mtu amemwagia mwembe siki.

Kwetu mkosi uko upande wa pili wa kipimo. Katika udongo wa matumbawe kalsiamu huishika fosforasi, na madini ya chuma yapo ila hayayeyuki. Ndiyo maana majani machanga ya mlimau huwa manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Mkiona hivyo, msiongeze mbolea ya CAN, maana ina chokaa ndani yake. Mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, inafaa zaidi, kwa kipimo kidogo: mzizi unapofyonza amonia hutoa tindikali kidogo kuuzunguka, na hapo hapo penye vinyweleo ndipo inapohitajika.

Kamati imeafikiana kwamba hakuna mwanachama atakayemuuzia mteja majivu au chokaa bila udongo wa huyo mteja kupimwa. Mchanganyiko wa viriba uwe na mboji iliyooza sawasawa, na mwenye tangi la maji ya mvua aanze na miche michanga. Siku ya kuuza, mche unyweshwe asubuhi, na mteja aambiwe achane kiriba, asiuvute mche kwa shina, apande jioni na kuweka kivuli. Vinyweleo vilivyokatika havirudi; vipya hutoka tu karibu na ncha inayokua, kwa hivyo siku hizo za mwanzo mche unaishi kwa subira ya mwenye nao.

Kipimo cha pH cha chama kitakaa kwa katibu. Udongo uchukuliwe kwenye kina cha mizizi, si vumbi la juu, ukorogwe na maji ya mvua au maji safi ya duka, maana maji ya kisima yatakupa jibu la kisima. Atakayekiazima aoshe ncha yake kabla ya kukirudisha, na akikivunja atalipa.