Kwa wanaoanza dedilifti

Ndugu wanakikundi, kwa wale mtakaoanza kujifunza dedilifti, yaani kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi kusimama wima, naomba muanze na chuma kitupu, ambacho kwa kawaida huwa na kilo 20, kikiwa kimeinuliwa juu ya vibao hadi usawa wa katikati ya muundi, kwani bila sahani kubwa za uzito hulala chini mno na kuufanya mgongo upinde. Kikae juu ya katikati ya wayo, nyonga zirudi nyuma, pumzi ijazwe tumboni, kisha chuma kipandishwe kikiwa karibu kabisa na miguu. Kosa ninaloliona mara nyingi, nami nililifanya, ni kukivuta kwa ghafla. Atakayesikia maumivu makali mgongoni aache mara moja na anijulishe.