Kadi ya Jordan aliyotuachia mjomba, tuipeleke ikapewe gredi au tuiache ilivyo?

Mhariri habari za kazi, na wasomaji mnaonizidi umri shikamooni. Naombeni mawazo yenu maana mimi na kaka yangu tumefika mahali hatusikilizani tena na kinachotugombanisha ni kadi za michezo, zile zenye picha za wachezaji, ambao hamkusanyi mtashangaa ila wenzangu mnaokusanya nadhani mtanielewa haraka.

Mjomba wetu alipofariki alituachia kadi zake sisi wawili, kwa sababu ndio tuliokuwa tunakaa naye kuzipanga tangu wadogo. Nyingi ni za mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa 90, kipindi ambacho makampuni yalichapa kadi kupita kiasi mpaka leo zimejaa kila kona. Ipo ya mchezaji wa besiboli Ken Griffey Jr., ya kampuni ya Upper Deck ya 1989, ile namba 1, na ipo moja ambayo ndiyo imenifanya niandike, Michael Jordan wa mpira wa kikapu, ya kampuni ya Fleer ya 1986 namba 57.

Kaka anataka zote ziende zikapewe gredi kisha ziuzwe. Anasema mnunuzi wa mbali siku hizi haangalii kadi, anaangalia namba iliyoko kwenye lebo, na hapo simbishii. Kampuni ya PSA wanafanya hii kazi toka 1991, wapo na SGC, Beckett na CGC, unawatumia kadi wanaangalia kwanza kama ni halali halafu wanaipa namba mpaka 10 wanaifungia kwenye plastiki ngumu, ikitoka na namba ya juu bei inaruka kweli. Shida ni kwamba kaka mahesabu yake yote anapigia 10. Alisoma kwamba Januari 2021 Jordan kama hii yenye 10 ya PSA iliuzwa dola 738,000 na hiyo namba haimtoki kichwani, nikimwambia mwaka huohuo kabla haujaisha zilishashuka chini ya nusu ya hapo ananijibu hata nusu ni hela. Ni hela ndio, lakini ni hela ya 10 na yetu sio 10. Nimeikagua taratibu na lenzi, nimeimulika taa kwa ubavu, mpaka wa kushoto ni mwembamba kuliko wa kulia unaona hata bila rula wakati PSA kwenye 10 wanataka mipaka ya pande mbili za mbele igawane nafasi karibu na 55 kwa 45, halafu kona moja ya chini imeanza kulegea. Na toleo hili la Fleer mipaka yake ina rangi kwa hiyo mkwaruzo kidogo tu weupe unajitokeza. Mimi nikijitahidi sana naiona 7, labda 8 siku wakaguzi wakiwa na roho nzuri.

Hizo nyingine kwangu zimeshaisha, siko tayari kuzitumia hata senti. Griffey zenye 10 ziko maelfu kwa maelfu, sasa yetu ikirudi na 8 nani ataikimbilia? Na ada unailipa kwa kila kadi, sio kwa matokeo, ikipata 10 umelipa ikipata 5 umelipa, weka usafirishaji wa kwenda na kurudi weka bima, na wakikuta kadi ina thamani kuliko uliyowaandikia wanakuongezea bili. Kadi za kawaida utakuta gharama imemeza faida yote na kadi yenyewe. Kaka hapa ameanza kulegea kidogo namshukuru.

Kwenye Jordan ndio kuna mzigo. Mwanzoni nilitaka iende hata kama ni kwa 6, kwa sababu ni moja ya kadi zilizoghushiwa sana duniani, feki zake ni nyingi na nyingine zinafanana mno, kwa hiyo ile kuthibitishwa tu kwamba ni halisi inalipa gharama yake. Kadi ya aina hii bila gredi mtu makini atakupa bei ya wasiwasi au hatakupa kabisa. Nikawa nimekubaliana na kaka, mpaka siku nilipoilaza juu ya kadi nyingine za toleo hilohilo. Kipimo cha kawaida ni inchi 2.5 kwa 3.5, ile milimita 64 kwa 89, na hii yetu upande mmoja ni fupi kidogo sana, ni kama unene wa unywele lakini upo. Inawezekana ni kiwanda, mashine za wakati ule hazikukata sawasawa kila mara. Inawezekana pia kuna mtu aliipunguza ukingo kona zionekane kali, ndio maana kona za juu ni kali hivyo wakati ile ya chini imechoka. Mjomba hakuifungua mwenyewe kwenye pakiti, aliinunua mkononi mwa mtu, na hayupo tumuulize.

Kama ilikatwa hatutapewa namba, watairudisha tupu au na lebo kwamba ni halisi ila imebadilishwa. Nikamuuliza kaka ikirudi hivyo tunafanyaje, akasema rahisi, tunavunja plastiki tunaitoa tunaiuza kama ilivyokuwa, mnunuzi atajiangalizia. Mhariri hilo neno lilinikata. Sasa hivi kweli hatujui, nikimwambia mnunuzi sijui nitakuwa sisemi uongo. Tukishaambiwa tutakuwa tunajua, kuivunja na kunyamaza ni kumwibia mtu, na kadi ni ya mjomba ambaye hakuwahi kumficha mtu kasoro ya kadi hata ya bei ya chini kabisa. Kaka ananitolea mfano wa ile ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli wa zamani, toleo la T206, kadi ya kwanza kabisa PSA kuipa gredi, wakaipa 8, baadaye 2013 mfanyabiashara wa kadi Bill Mastro akakiri kwamba yeye aliikata kingo. Ona, anasema, imekatwa na 8 ilipata. Mimi nauona mfano huohuo kwa upande wangu, miaka ilipita mingi na bado ukweli ukatoka.

Nikafikiria nimlipe sehemu yake kadi ibaki kwangu, maana yeye ana majukumu yanayombana na mimi kusema kweli sina hamu ya kuiuza. Ila nimlipe bei gani? Nikimlipa kama kadi safi halafu kesho ikabainika ilikatwa nimeumia peke yangu, nikimlipa kidogo kwa sababu ya ule wasiwasi na siku moja ikapata 8 atasema nilimdhulumu na sitakuwa na la kujitetea. Bila gredi hakuna bei ya haki kati yetu, na gredi yenyewe ndio inaweza kutuharibia bei. Usiku mwingine nalala nikiwaza tuiache kwenye kifuko chake tusijue kamwe, lakini kaka hatakubali na sidhani ni haki kumlazimisha mwenye shida akae na mali asiyoweza kuigusa.

Kwa hiyo nauliza hasa wale mliowahi kutuma kadi za zamani ambazo hamkuzitoa nyinyi kwenye pakiti. Ufupi wa unywele kwenye Fleer ya 1986 mmeuona ukapita na kupewa namba, au ni dalili ya moja kwa moja? Kuna mtu anaweza kuiangalia mkononi kabla hatujalipa ada kubwa, na neno lake lina uzito gani? Na kati yangu na kaka, mnaonaje tukiandikiana kabla haijatumwa kwamba ikirudi na lebo ya kubadilishwa inauzwa na lebo yake hiyohiyo au nainunua mimi kwa bei tuliyokubaliana mapema? Nikimpelekea hiyo karatasi naogopa ataona simwamini, na ni kaka yangu mkubwa. Nimwanzie vipi?

Msomaji wenu, mpwa wa marehemu