Panado ya saa kumi na moja alfajiri

Mhariri, naomba nafasi kidogo gazetini kwako nilisemee hili la kupeleka watoto shule wakiwa wagonjwa, na naanza na mimi mwenyewe nisije nikaonekana nawanyooshea wenzangu kidole.

Wiki mbili zilizopita mwanangu wa darasa la tatu kaamka anachemka, namshika shingoni moto kabisa, ila siku hiyo walikuwa na jaribio na mimi kazini bosi ashaninunia kwa kuchelewa, basi nikampa panado ya maji, saa kumi na moja hiyo, kufika kumi na mbili gari la shule linapiga honi joto limeshuka na mtoto anacheka, nikajisemea kumbe uchovu tu. Saa tano simu ya mwalimu. Katapikia daftari la mwenzie, anatetemeka. Kwenda kupima, malaria.

Sasa malaria angalau ni ya mbu, haimrukii wa dawati la pili. Ila nesi aliniuliza ulimpa nini asubuhi, nikamwambia, akanitazama tu. Panado inashusha joto masaa manne mpaka sita basi, ugonjwa uko pale pale, yani mimi nilimficha mwalimu tu. Je ingekuwa surua? Surua nayo inaanza hivyo hivyo, homa, mafua, kikohozi, macho mekundu, vipele vinakuja siku kadhaa baadae wakati keshawakoholea darasa zima, na madarasa yetu tunayajua, dawati moja watatu. Tuliokuwa Dar januari 2024 tunakumbuka ule ugonjwa wa macho mekundu, nao sio surua, ulivyopita nyumba kwa nyumba.

Alichonielekeza yule nesi ni rahisi tu: homa ikiisha yenyewe bila dawa ya kushusha, zipite saa 24 ndio arudi. Akitapika au kuharisha abaki nyumbani, ahesabiwe siku moja hadi mbili tangu mara ya mwisho. Tetekuwanga mpaka malengelenge yote yakauke yawe magamba. Mafua ya kawaida na anakula, anacheza, aende, la sivyo masika nzima hakuna atakayesoma.

Na lile tumbo la jaribio la hesabu jamani tunalijua, saa nne lishapona na mtu yuko uani anacheza rede. Kwangu kipimo ni chapati, akikataa chapati ya moto na chai ya maziwa huyo anaumwa kweli.

Lakini Mhariri kujua ni kitu kimoja. Shule ya mwanangu ukikosa jaribio unaandikiwa sifuri mpaka uje na cheti cha hospitali, na mwisho wa mwaka kuna zawadi ya mtoto ambaye hajakosa hata siku moja, sasa hapo mzazi unafundishwa nini kama sio kumimina panado? Mtoto wa kuharisha siku moja unampa ORS nyumbani anapona, huyo cheti atakitoa wapi, tukapange foleni zahanati kutafuta mhuri?

Na kwa waajiri nako kuna jambo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 4 zenye malipo mtoto wake akiugua, mimi nimefanya kazi miaka sita ndio nimeijua juzi kwa kuambiwa na mlinzi wa getini, na nilipoiulizia ofisini nikajibiwa "hizo ni za msiba". Za msiba zimo, na za mtoto mgonjwa zimo humo humo.

Naomba walimu wakuu wanaosoma barua hii waandike kwenye karatasi ile ya ada ni dalili zipi mtoto abaki nyumbani, na kwamba jaribio atalifanya akirudi. Wa kwangu karudi jumatatu, dozi kamaliza, na ile sifuri bado ipo kwenye ripoti yake.

Mama wa watoto wawili,
Mbagala, Dar es Salaam